Tutajuaje kama ni Mungu aliyesema?

(Mazungumzo ya redio, yamepigwa chapa kwa ajili ya familia zilizokimbia vita na viongozi wa vijiji vya Obokote, Lubutu, jimbo la Maniema)

  Nawasalimu ninyi ambao usiku wa leo mtalala katika nyumba isiyo yenu, na ninyi wenye nyumba mliogawana mkeka na wageni.

Leo nilikuwa nimepanga kusema juu ya sheria ya mashamba na nyumba. Nimeliahirisha somo hilo. Kila ninapopita katika vijiji vya kando ya barabara kuna swali moja linanifuata, nalo halimo katika vitabu vya sheria nilivyosoma chuo kikuu. Watu wananiambia: "Bwana mwalimu, tumeomba. Tumefunga. Sasa tutajuaje kama aliyetujibu ni Mungu?"

Msifikiri ni swali la watu wenye nafasi ya kukaa na kuwaza. Baba mmoja kutoka upande wa Walikale aliniuliza akiwa amekwisha kufunga mizigo yake. Mnakumbuka kwamba tarehe 19 Machi 2025 Walikale iliingia mikononi mwa M23, kisha wakaondoka pale mwanzoni mwa Aprili. Barabara inayotoka kule kuja magharibi inaingia kwetu Lubutu. Mke wa baba huyu aliota ndoto: mlango wa nyumba yao uko wazi, moto unawaka jikoni, na sufuria iko juu ya mafiga. Baba akasema, Mungu anatuita turudi. Mdogo wake akasema, hiyo ni njaa, hata mimi naota sombe kila usiku. Walibishana mbele yangu, nao mama aliyeota alikuwa ameketi pale pale akisuka nywele za mtoto, na hakuna aliyemwuliza kitu. Hata mimi sikumwuliza siku ile. Nitarudi kwao baadaye.

Ndugu zangu, sisi watu wa Maniema hatuwezi kulichukua jambo hili kwa mchezo, maana nchi yetu imelipa sana kwa ajili ya sauti zilizosema zinatoka kwa Mungu. Wazee wa Kikumu wanajua habari za mwaka 1944. Ilikuwa wakati wa vita vikuu vya pili. Wabelgiji walikuwa wamezidisha kazi za kulazimishwa: tangu 1942 siku za kazi hizo zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu walisukumwa porini kutafuta mpira. Ndipo akainuka Mkumu mmoja, jina lake Bushiri, mtu wa Kitawala, akasema ametumwa na Mungu kuwakomboa watu. Uasi ukaenea upande wa Masisi na Lubutu. Jeshi la Force Publique likauzima kwa bunduki, na waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Mimi simcheki Bushiri, wala simtukani. Kilio cha watu wale kilikuwa cha haki, na naamini Mungu alikisikia. Lakini mtu akishasema mbele ya wote kwamba Mungu amesema naye, nani atathubutu kumwuliza: "Baba, na wale wenye bunduki wakija, watoto wetu watakimbilia wapi?" Swali hilo lilikuwa la lazima, na huenda kuna mama aliyekuwa nalo moyoni.

Mwaka 1964 tena, Simba walipoingia Kindu mwezi wa Julai, vijana walinyunyiziwa maji wakaambiwa risasi za adui nazo zitakuwa maji. Jina la Mai-Mai limetoka huko, na wengi wenu mnajua mtoto wa nani alinyunyiziwa na kaburi lake liko wapi.

Na hapa jirani, Tingi-Tingi, tuliwaona wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki moja, tangu Desemba 1996 mpaka kambi ilipoanguka mwishoni mwa Februari 1997. Walikuwamo wauaji kati yao. Walikuwamo pia mama na watoto wasio na kosa, na hao ndio waliokufa kwa wingi, kwa njaa, kwa kipindupindu, kwa risasi. Nyuma ya msiba ule kulikuwa na sauti. Redio ya Mille Collines ya Kigali, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ilikuwa imewafundisha watu kuwaita majirani zao mende. Mahakama ya Arusha iliwahukumu wakubwa wake tarehe 3 Desemba 2003. Nayasema haya kwa makusudi nikiwa mbele ya mikro: sauti ya redio nayo ipimwe, na hii yangu pia.

Sasa niwape habari ya kosa langu mwenyewe. Sitataja kijiji.

Familia moja iliyokimbia vita ilipokelewa katika kijiji hicho, ikapewa kipande cha shamba ilime mpunga. Baada ya miezi michache watoto wawili wa wenyeji wakafa katika juma moja. Katika maombi ya usiku mtu mmoja akasema ameonyeshwa: kifo kimeingia kijijini kwa mkono wa mtoto wa wageni. Alikuwa kijana wa miaka tisa hivi, asiyesema sana, anayekojoa mkekani kama watoto wengi waliosikia mabomu. Watu wakaanza kusema afukuzwe. Kapita, mtu mwenye busara, akatuma habari kwetu.

Njiani niliomba. Nilisema, Mungu, niongoze katika maneno yangu. Leo naona kwamba nilikuwa nimekwisha kuyachagua maneno hayo, nikawa namwomba Mungu ayatilie sahihi tu. Nilipofika nilifungua sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, nikasoma kifungu cha 160: anayemshitaki mtoto kwa uchawi anafungwa mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Nikaongeza Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, kinachokataza jambo lile lile. Nilisoma kwa Kifaransa, nikaeleza kwa Kiswahili. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na ninayarudia mbele yenu leo: kumwita mtoto mchawi ni kosa la jinai katika nchi yetu, hata kama aliyesema ni mchungaji, hata kama ni mzazi.

Watu wakanyamaza. Mimi nikahesabu ukimya ule kuwa ni kukubali.

Wakati wa kuondoka kulikuwa na mama mmoja amesimama karibu na pikipiki yetu, mkono wake mdomoni. Nilimwambia, "Mama, tutaonana siku nyingine," kwa sababu mawingu yalikuwa meusi na daraja la mbele lilikuwa bovu.

Usiku ule ule mkeka wa mtoto uliwekwa barabarani. Hawakumpiga, tunamshukuru Mungu. Alilala na mama yake chini ya paa la soko, siku tatu, mvua ikinyesha.

Siku ya nne nilirudi, tena kwa sababu kapita alituma mtu mara ya pili. Mzee mmoja wa baraza akanishika mkono akaniambia: "Mwanangu, ulitukataza kusema nani aliwaua watoto wetu. Hukutuuliza walikufa na nini." Nilikuwa na diploma ya sheria na sikuwa na jibu.

Basi tukaanza upya, vitabu vikabaki ndani ya mfuko. Tulimwita muuguzi wa kituo cha afya, katekista, na shehe aliyekuwa akipita kwa shughuli zake za biashara. Kapita akaweka amri moja tu: mama waliofiwa watasema kwanza, na hakuna atakayewakata mpaka wamalize. Ilichukua asubuhi nzima. Mama wa kwanza alisimulia mtoto wake alivyohara siku mbili, na muuguzi akauliza maji ya kunywa yanachotwa wapi. Ilijulikana kwamba ni pale pale chini ya mahali wanapolowekea mihogo. Mama wa pili ndiye yule niliyemwacha kando ya pikipiki. Alisema mtoto wake alikuwa na homa kali. Fedha ya matibabu ilikuwepo, imefungwa ndani ya kitambaa, mume wake akaichukua akalipa deni lake. Walipofika kwa muuguzi mtoto alikuwa amekwisha kuwa baridi. Usiku wa maombi yule mama alijua kabisa kwamba mtoto wa wageni hakuwa na neno lolote. Alinyamaza. Alisema, "Kila mtu alisema Mungu amesema. Mimi ni nani nimpinge Mungu?"

Mume wake alikuwa ameketi pale pale. Aliangalia miguu yake, wala hakuna aliyemtukana. Baadaye, jua likiwa limekwisha kupanda, alisimama, akaenda mwenyewe mpaka sokoni, akauchukua mkeka, akaurudisha katika nyumba ya wageni.

Niliporudi kwangu usiku nilifungua Kitabu cha kwanza cha Samweli. Sisi Wakristo tunapenda sana sura ya 3, mahali ambapo kijana Samweli anaitwa usiku, naye mara tatu anakimbia kwa mzee Eli akidhani ni yeye aliyemwita. Lakini safari hii niliisoma sura ya 1. Eli huyo huyo, kuhani, mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza kwa niaba ya watu, anamwona Hana akiomba. Midomo inachezacheza na sauti haitoki. Eli anakata shauri kwamba ni mlevi, anamkemea. Hana ndiye anayemweleza kwa heshima kwamba anamwaga uchungu wake mbele ya Bwana. Basi kuhani alikuwa ndani ya nyumba ya Mungu, sala ya kweli iko mbele ya macho yake, akaiita ulevi. Sifa yake ni kwamba alikubali kusahihishwa na mwanamke yule, akambariki.

Nadhani ndiyo sababu miaka baadaye aliweza kumsaidia Samweli. Tena tazameni ujumbe ambao Samweli aliupokea: ulikuwa juu ya hukumu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Asubuhi mzee alimlazimisha mtoto aseme yote bila kuficha, na aliposikia hakumwita mtoto mchawi.

Ndugu zangu Waislamu, nanyi mnayo habari hii kwa njia nyingine katika sura ya Sad. Wagombanaji wawili wanamjia Daudi. Mmoja anaeleza: ndugu yangu ana kondoo 99, mimi nina mmoja, naye anamtaka huyo mmoja pia. Daudi anatoa hukumu papo hapo, na wa pili hajasema. Kisha anatambua kwamba alikuwa anajaribiwa, anaanguka kumwomba Mungu msamaha. Nabii na mfalme! Sisi wanasheria tuna kanuni ya zamani inayosema upande wa pili usikilizwe, na Katiba yetu katika kifungu cha 19 inalinda haki ya kujitetea. Zamani nilifikiri kanuni hiyo ni ya mahakama tu. Sasa naiweka pia katika maombi yangu, kwa sababu naona Mungu ananiongoza mara nyingi kwa mdomo wa yule ambaye nilikuwa nataka kumpita haraka.

Mtaniuliza: je, Mungu hasemi kwa ndoto? Hasemi kwa maono? Mimi si mtu wa kumfunga Mungu mdomo. Yusufu aliota, na ndoto yake ilikuwa kweli. Ninachosema ni kwamba kila sauti ikubali kuulizwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike wayapime yote. Qurani, sura ya 49, inawaamuru waumini wachunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Mwislamu anayeswali istikhara, rakaa zake mbili, haachi kutaka shauri la wenye maarifa. Anayekukataza kuuliza, anayekuambia usimpeleke mtoto hospitalini, usiwaambie ndugu zako, fanya upesi kabla hakujacha, mwogope, hata kama anatetemeka na kulia machozi. Mwaka 2023 kule Shakahola, pwani ya Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wameambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Watoto walikuwamo.

Kuna alama nyingine ambayo mimi binafsi naitazama. Katika kijiji kile ufunuo ulimwangukia nani? Hakuwa mwenye duka, wala ndugu wa kapita. Alikuwa mtoto asiye na ukoo pale, asiye na shamba, asiye na mjomba wa kusimama barazani. Nimekwisha kusikia mafunuo ya namna hiyo mara nyingi, na karibu kila mara yanaangukia mahali pale pale: mjane, mzee asiye na watoto, mgeni. Mungu ninayemjua mimi ana desturi ya kusimama upande wa hao.

Ninyi makapita na wakuu wa sehemu, ninawaomba jambo. Msitangaze kwa jina la Mungu kwamba watu waliohama warudi kwao, wala kwa jina lake msiwazuie. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi yao zinasema, kanuni ya 28, kwamba kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, na wenyewe washirikishwe katika kupanga. Maana yake waulizwe, wanaume na wanawake, tena mahali ambapo mama anaweza kusema bila kumtazama mume wake usoni. Mkiwa na mchungaji au shehe katika baraza, vizuri sana, aombe. Baada ya kuomba naye aketi asikilize kama wengine.

Narudi kwa yule baba wa Walikale aliyefunga mizigo.

Nilipomwona tena nilimsimulia habari ya Nuhu. Nuhu alisikia sauti ya Mungu waziwazi kuliko sisi sote, akajenga safina. Lakini maji yalipopungua hakufungua mlango na kuwatoa watoto nje kwa kuwa amechoka na harufu ya wanyama. Alimtuma kunguru, akamtuma njiwa. Mara ya kwanza njiwa hakupata pa kuweka mguu, akarudi. Nuhu akangoja siku saba, akamtuma tena. Na hata alipoona nchi imekauka, alingoja aambiwe kutoka. Baba akacheka, akasema, "Basi mimi njiwa wangu ni huyu mdogo wangu mbishi."

Kabla ya kumtuma, nilimwomba mama atueleze ndoto yake mwenyewe. Aliweka chini kitana. Akasema mlango ulikuwa wazi, ni kweli, na moto ulikuwa unawaka. "Lakini aliyeketi penye mafiga hakuwa mimi." Siku zote hizo alikuwa na maneno hayo, nasi tulikuwa tunabishana juu ya mlango.

Mdogo mtu alikwenda na wafanyabiashara wa baiskeli, akauliza njiani kwa kila aliyetoka mbele, akarudi siku ya kumi na moja. Alileta habari kwamba nyumba imesimama, mabati yapo. Ndani kuna watu: familia nyingine iliyokimbia kutoka mbali zaidi, wana mtoto mchanga, na jikoni wanapika.

Mizigo imefunguliwa. Wamepewa kipande cha shamba hapa, wamepanda mpunga, na mama ameanza kuuza ndizi kando ya barabara. Ile familia nyingine niliyowasimulia, ya mtoto wa mkeka, ilikaa mpaka mavuno, kisha ikaendelea na safari upande wa Kisangani. Kapita alikuwa amewaomba msamaha mbele ya watu wote, na walimsamehe. Lakini waliondoka.

Baba wa Walikale sasa ananiuliza swali lingine: nyumba ni yake, mabati aliyanunua mwenyewe, afanye nini na watu wale wenye mtoto mchanga? Nilimwambia nitamjibu akija pamoja na mke wake. Sheria ina maneno juu ya jambo hilo, nami nitayaeleza juma lijalo katika somo lile la mashamba na nyumba nililoahirisha leo. Viongozi wa Obokote, mkiweza, njooni na watu wenu kusikiliza pamoja, redio moja inatosha baraza zima.